Injini imefungwa upya na kemshafti ni mpya: niiwashe niiache sailensa, au nipandishe resi moja kwa moja?

#1 Nundu8
Wakuu, habari. Nina injini ya petroli ya pushrodi, silinda nne, nimeifungua yote hadi chini. Silinda zimechongwa, pistoni na ringi mpya, metali (beringi za krenki) mpya, kemshafti mpya (shafti yenye nundu zinazofungua vali) na tapeti zake nane, vile vipande vinavyokaa kati ya nundu na pushrodi. Jumamosi naiwasha kwa mara ya kwanza.

Fundi aliyenisaidia kufunga anasema niiwashe niiache sailensa, yaani mzunguko wa chini kabisa, nusu saa bila kugusa pedali ya moto, "izoeane taratibu". Karatasi iliyokuja na kemshafti inasema kinyume kabisa: ikiwaka tu, ipandishwe mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika na ikae hapo dakika 20 hadi 30. Yaani injini ambayo haijawahi kuzunguka nianze nayo kwa resi? Nani yuko sahihi? Fedha yangu yote imeishia humo.

#2 FundiRokaa
Karatasi iko sahihi. Fundi wako anafikiria metali na pistoni, hajafikiria kemshafti.

Kemshafti ya tapeti bapa haina njia yake ya oili kwenye nundu. Shingo zake zinapata oili ya presha, lakini nundu zinategemea oili inayorushwa na krenki ikizunguka. Sailensa krenki inazunguka polepole, inarusha kidogo sana. Halafu kwenye mzunguko mdogo springi ya vali inakandamiza tapeti juu ya ncha ya nundu kwa nguvu yake yote. Ukipandisha mizunguko, uzito wa tapeti, pushrodi na vali ukiwa kwenye mwendo unapunguza mkandamizo pale nchani. Kwa hiyo sailensa mzigo uko juu na oili iko chini kwa wakati mmoja. Nimeona kemshafti mpya ikiisha ndani ya dakika kumi kwa ushauri huohuo uliopewa.

#3 RingiYaJuu
Naunga mkono #2 kwa sababu nyingine. Ringi nazo hazitaki sailensa. Ringi haibanwi kwenye ukuta wa silinda kwa mkunjo wake peke yake, gesi ya mlipuko inaingia nyuma yake na kuisukuma nje. Sailensa gesi hiyo ni hafifu. Ringi inateleza juu ya ile mistari ya msalaba iliyochongwa ukutani bila kuisaga, oili inaungua ukutani na kuacha gamba linalong'aa kama kioo. Likishajitengeneza, injini inakula oili maisha yake yote mpaka ufungue tena.

#4 DizeliTu
Mimi nimefunga injini tatu za dizeli, zote niliziacha sailensa karibu saa nzima. Hakuna kemshafti iliyokufa. Mnamtisha mwenzetu bure.

#5 FundiRokaa
@DizeliTu kemshafti zako ziko juu ya kichwa au ziko ubavuni mwa bloku? Na mguu unaogusa nundu ni bapa, ni kikombe au ni rola? Bila kujibu hayo hatuongelei kitu kimoja.

#6 DizeliTu
Mbili kemshafti iko juu, ya tatu ina rola.

#7 FundiRokaa
Basi umejijibu, mkuu. Rola inabingirika, haisuguani, na kemshafti ya rola haihitaji kuzoeshwa. Ya juu ya kichwa mara nyingi inaoga oili ya presha tangu sekunde za mwanzo. Wa kuogopa ni tapeti bapa iliyokaa chini kwenye bloku. Ndiyo iliyokuwemo kwenye V8 ndogo za Chevrolet tangu 1955, mpaka walipoanza kuziwekea rola 1987, na kwenye Volkswagen zile za kupozwa kwa hewa.

#8 MamaKabureta
Nundu8 ndugu yangu, swali la resi linakuja baadaye. Kwanza hakikisha inawaka kwa jaribio la kwanza. Injini inayogoma kuwaka, ukaipigisha stata dakika tano, imeshafuta ile grisi nyeusi iliyopakwa kwenye nundu wakati wa kufunga kabla hata kazi haijaanza.

Ninavyofanya mimi: taimingi naiseti injini ikiwa imesimama, silinda ya kwanza juu, distribyuta imeelekea waya wake. Chemba ya kabureta naijaza petroli kwa mkono ili pampu isihangaike kuivuta. Rejeta najaza maji, natoa hewa. Betri iwe imechajiwa. Halafu nautafuta moto wa distribyuta bila kuwasha, ndiyo kitu cha mwisho kabla ya kukaa kwenye kiti.

Presha ya oili itafutwe kabla. Kama pampu yako inaendeshwa na shafti ya distribyuta, toa distribyuta, ingiza chuma kilichochongwa ncha kwenye drili na uzungushe pampu mpaka geji ipande na oili itoke juu kwenye rokaa, ile mikono inayosukuma vali. Angalia upande wa kuzunguka! Kama pampu inaendeshwa na krenki, huna njia hiyo. Toa plagi zote ili injini iwe nyepesi, piga stata vipande vifupi vifupi mpaka geji iamke. Na pampu iwe imejazwa mafuta ya vaselini tangu wakati wa kufunga, la sivyo itazunguka kavu bila kuvuta.

#9 Sampo
Mmeacha muuaji mkubwa: oili. Oili za siku hizi hazina zinki tena. Wamezitoa ili kulinda masega ya kwenye ekzosi yanayosafisha moshi. Ndiyo maana kemshafti za zamani zilizokuwa zinadumu sasa zinakufa. Resi au sailensa, bila zinki utaua tu.

#10 Mchongaji
@Sampo hapo rekebisha kidogo. Zinki haijatolewa, imepunguzwa. Kinachobanwa hasa ni fosforasi inayokuja pamoja nayo, kwa sababu ndiyo inayoharibu masega. Daraja la ubora wa oili la API SM lilipokuja 2004, kikomo cha fosforasi kilishuka hadi asilimia 0.08, na kikomo hicho ni cha oili nyepesi kama 5W-30 na 10W-30. Nzito kama 20W-50 haikufungwa hivyo. Oili za dizeli za daraja la CJ-4 zimepewa hadi asilimia 0.12.

Mimi nachonga na kusaga kemshafti, kwa hiyo niruhusuni nirefushe. Mnasema "tapeti bapa" lakini si bapa. Uso wake una mgongo mdogo sana, jicho halioni. Nundu nayo haikusagwa sawa, upande mmoja uko juu kuliko mwingine kwa kiasi cha unywele. Na tundu la tapeti limewekwa pembeni kidogo ya katikati ya nundu. Vitu hivyo vitatu vinafanya tapeti izunguke kila inaponyanyuliwa, ili isisuguliwe sehemu ileile. Tapeti isiyozunguka imekufa, hata ukiogeza injini kwa zinki.

Kwa hiyo kabla ya kuwasha, kila tapeti itumbukie tunduni kwa uzito wake na izunguke kwa kidole. Inayokwama, usafishe tundu.

#11 KijanaWaGereji
Mchongaji amenigusa mahali panapouma. Mwaka juzi niliweka kemshafti mpya nikarudisha tapeti za zamani kwa sababu zilionekana safi, zinang'aa. Nilifuata kila kitu: resi 2,200, dakika 25, oili nzito. Siku ya nne nikasikia tik tik tik. Nundu mbili zilikuwa zimekuwa duara. Nilijua tatizo ni oili, nikagombana na aliyeniuzia. Nilivyozigeuza tapeti zile nikaziweka uso kwa uso, zilikuwa zimeshimika katikati. Zilikuwa zimejichonga kufuata nundu za zamani. Sikulala vizuri wiki nzima.

#12 Mchongaji
Pole sana, kijana. Kemshafti mpya, tapeti mpya, daima. Kemshafti ya zamani iliyo nzima ukiirudisha, kila tapeti irudi tundu lake lilelile. Wakati wa kufungua ziwekwe kwenye boksi lenye namba.

#13 Sampo
Nakubali "kupunguzwa" badala ya "kutolewa". Lakini kwa injini ya Nundu8 naendelea kusema aweke oili ya kuzoeshea yenye zinki nyingi au ya dizeli ya 15W-40. Oili ya kawaida ya 5W-30 asiiguse.

#14 MzeeBeringi
Vijana, salaam. Oili ya dizeli ina zinki ya kutosha, ni kweli, ila pia ina sabuni nyingi ya kusafisha masizi, na sabuni hiyo inagombania uso uleule wa chuma ambao zinki inataka kuushika. Kwa hiyo kusoma namba ya zinki peke yake hakukupi jibu lote. Mimi natumia oili ya kawaida ya madini, na nundu napaka grisi ya molibdenamu kwa brashi. Napaka nundu na uso wa tapeti tu. Ubavu wa tapeti naweka oili, kwa sababu grisi ile nzito ubavuni inaizuia kuzunguka. Ringi na ukuta wa silinda haziguswi na molibdenamu kabisa, zinahitaji kusagana.

Kuhusu resi, niongeze: isikae 2,000 kamili dakika zote. Ipandishe na kuishusha polepole kati ya 1,800 na 2,500, oili ibadilishe mahali inaporukia.

#15 Kilomita_Laki3
Jamani mimi nina injini ya kemshafti mbili za juu, vikombe, nimebadilisha ringi tu. Nami nipige resi nusu saa nimesimama?

#16 RingiYaJuu
Hapana, wewe huna la kusubiri umesimama. Kemshafti zako ni zilezile na vikombe vilevile. Iwashe, hakikisha presha ya oili na hakuna kinachovuja, ipashe joto kidogo, kisha ingia barabarani. Gia ya tatu, kutoka kilomita 50 hadi 80 kwa saa ukikanyaga vizuri, kisha achia mguu kabisa injini ijivute yenyewe hadi 50. Rudia mara kumi, kumi na tano. Ukikanyaga, gesi inasukuma ringi ukutani. Ukiachia, ule mvuto unaleta oili na kuosha unga wa chuma.

#17 MzeeBeringi
Hapa RingiYaJuu tunapishana. Metali mpya na pistoni mpya zikipewa mzigo mkubwa siku ya kwanza, sehemu zenye joto zinavimba kabla hazijapata nafasi yake. Sisi tulifundishwa kilomita 1,000 bila kuvuka nusu ya mguu. Injini nilizofunga hivyo bado zinatembea.

#18 RingiYaJuu
Mzee, heshima yako. Lakini ukuta wa silinda wa enzi zile ulikuwa na vilele virefu kuliko wa sasa. Siku hizi karakana nzuri inapitisha jiwe la pili linalokata vile vilele na kuacha mifereji ya oili tu. Kazi ya kusagana iliyobaki ni ndogo na inaisha mapema. Ukibembeleza kilomita 1,000, nafasi imeshapita. Angalia injini za ndege: Lycoming wanaagiza kwa injini zao nyingi oili ya madini tupu saa 50 za mwanzo au mpaka ulaji wa oili utulie, na rubani anaambiwa asiibembeleze, airushe kwa nguvu kubwa.

#19 MzeeBeringi
Ya ndege inapozwa kwa hewa na silinda zake zimeachwa na nafasi pana. Usinifananishie na bloku ya maji.

#20 DizeliTu
Mzee kamjibu! 😄 Ila nami naona kila mtu hapa anazungumzia kifaa chake. Mmoja kemshafti, mwingine ringi, mwingine metali. Injini ni moja.

#21 FundiRokaa
Hilo ndilo jambo, mkuu. Kemshafti inataka resi bila mzigo mkubwa, ringi zinataka mzigo, metali zinataka oili safi. Ndiyo maana mpangilio wangu ni kemshafti kwanza dakika 25, zima, mwaga oili na filta ikiwa ya moto, kisha barabara kwa ajili ya ringi, kisha mwaga tena ikifika kilomita 500.

Nundu8, je springi za vali ni moja moja au ziko mbili, ya nje na ya ndani?

#22 Nundu8
Ziko mbili. Aliyeniuzia kemshafti alisema ni ya kunyanyua zaidi kidogo, inahitaji springi kali.

#23 FundiRokaa
Toa za ndani. Zoesha kemshafti kwa springi za nje tu, kisha zirudishe. Ni kazi ya kuchosha, mikono itauma, lakini mkandamizo kwenye nundu unashuka sana. Bila za ndani usipande zaidi ya 2,500.

#24 Nundu8
Kichwa kimeshafungwa na gasketi ni mpya...

#25 FundiRokaa
Si lazima utoe kichwa. Pistoni ikiwa juu, jaza silinda hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi, vali hazitaanguka. Au ingiza kamba laini kupitia tundu hilo, pandisha pistoni ikabe vali.

#26 MamaKabureta
Kabla hujalala: usiwashe ndani ya chumba kilichofungwa, dakika 30 za moshi wa ekzosi zinaua mtu. Gari likiwa limesimama kwa 2,200 hewa haipiti rejeta vya kutosha, weka feni kubwa mbele. Taimingi ikiwa nyuma sana, bomba za ekzosi zitakuwa nyekundu ndani ya dakika chache. Ukiona hivyo sogeza distribyuta mbele, usizime kwa hofu. Kizima moto kiwe karibu na mwenzako akae upande wa geji.

#27 Nundu8
Wakuu, marejesho. Nimeiwasha leo. Iliwaka mzunguko wa pili wa stata, asante MamaKabureta. Presha ya oili safi. Nilikaa kati ya 1,900 na 2,400, dakika 25. Oili 15W-40 ya dizeli, grisi ya molibdenamu kwenye nundu. Springi za ndani sikuzitoa, muda ulinibana.

Moshi wa bluu ulitoka dakika tatu ukaisha. Lakini baada ya kuzima nikapima nafasi za tapeti ikiwa ya moto. Saba ziko kama nilivyoziacha, milimita 0.30. Ya ekzosi silinda ya tatu imesoma 0.45. Na nilipofungua filta, karatasi yake ina unga wa kijivu unaometa.

#28 Sampo
Hapo nundu imeanza kuliwa. Sabuni ya oili ya dizeli, kama Mzee alivyosema #14. Nakiri mimi ndiye niliyemwambia aitumie.

#29 KijanaWaGereji
Unga wa kijivu unaweza kuwa ile grisi tu. Molibdenamu inameta hivyohivyo. Pitisha sumaku.

#30 RingiYaJuu
Sumaku haitamaliza ubishi. Ringi na ukuta wa silinda navyo vinatoa unga wa chuma saa ya kwanza, na sumaku itaunyanyua wote.

#31 Mchongaji
Sampo, nafasi ya tapeti inapimwa mahali ambapo nundu ni duara, si kwenye ncha. Ncha ikiliwa, nafasi haibadiliki, kinachopungua ni kimo cha vali kunyanyuka. Nafasi ikipanuka kwa 0.15 ndani ya dakika 25, mtuhumiwa wa kwanza ni uso wa tapeti. Nundu8, kata umeme wa plagi ili isiwake, zungusha kwa stata ukiwa umefungua mfuniko wa rokaa, uangalie pushrodi. Zote zinazunguka?

#32 Nundu8
Saba zinazunguka. Ile ya silinda ya tatu inatikisika tu, haizunguki.

#33 FundiRokaa
Springi. Kali mno kwa dakika za mwanzo, nilisema.

#34 Mchongaji
Springi hizohizo ziko kwenye tapeti saba zinazozunguka. Itoe hiyo moja, simamisha rula ya chuma juu ya uso wake mbele ya taa. Nzima itayumba juu ya rula, mwanga utaonekana pembeni.

#35 MzeeBeringi
Na usiiwashe tena hata dakika moja. Unga wa tapeti unashuka sampo, bakuli la oili chini ya injini, pampu inaunyonya kabla haujafika kwenye filta. Shusha sampo, osha pampu, fungua angalau metali mbili uzione. Metali ni laini, chuma kinazama ndani yake na kukwaruza krenki.

#36 Nundu8
Nimeitoa kwa sumaku kutoka juu. Haiyumbi kwenye rula kabisa, na mwanga unapita katikati. Tundu lake nimelipangusa, kulikuwa na mkwaruzo mdogo kwenye mdomo, labda wakati wa kuosha bloku. Metali za kwanza na ya nne ni safi. Nundu yake imepata mstari ninaousikia kwa kucha.

#37 Mchongaji
Mkwaruzo kwenye mdomo wa tundu. Hiyo ndiyo iliyoishika isizunguke.

#38 Sampo
Au ilifika ikiwa haina mgongo tangu kiwandani, mkwaruzo ukaja baadaye. Huwezi kujua sasa.

#39 Nundu8
Nimeagiza kemshafti na tapeti nane nyingine. Hizi mpya nitazipima kwa rula moja moja kabla ya kuingiza, tundu nimelisugua kwa msasa laini, na springi za ndani nimeshazitoa, ziko mezani. Oili nitabaki na ileile.

#40 RingiYaJuu
Ukibadilisha tapeti, tundu na springi kwa pamoja hatutajua ni kipi kilichoiua ya kwanza, mkuu. Na ringi zako zimeshakaa dakika 25 bila mzigo.

#41 Nundu8
Nataka gari litembee, ndugu yangu. Ikishamaliza dakika zake natoka nayo siku hiyohiyo, gia ya tatu, 50 hadi 80.